Samadi Mbichi na Samadi Iliyoiva: Tuujue Udongo Unaotulisha

Huenda baadhi yenu mkiona kichwa cha somo hili mtajiuliza: Je, wauguzi wameacha sindano wakashika jembe? La hasha. Tunaandika habari za udongo na samadi kwa sababu magonjwa mengi tunayoyaona wodini huanzia shambani na nyuma ya banda. Afya njema nayo huanzia huko huko.

Somo hili limetokana na swali la mama mmoja. Alimleta mwanawe wa miaka 6, midomo na viganja vimepauka, anahema akitembea hatua chache tu. Tulipopima wingi wa damu tulipata gramu 6, wakati mtoto wa umri huo anapaswa kuwa na gramu 11.5 au zaidi. Kipimo cha choo kilionyesha mayai ya minyoo ya safura. Tulimwuliza mtoto anacheza wapi, mama akajibu kwamba hucheza kwenye migomba nyuma ya jiko, mahali wanapomwaga samadi. Tukamshauri asimwache tena kucheza pale pekupeku.

Mama akatutazama, akasema: "Sista, kila siku mnatuambia tutie samadi bustanini ili watoto wapate mboga. Leo mnasema ni mahali pa hatari. Nishike lipi? Na mwaka huu nimemwaga samadi nyingi shambani, lakini mahindi yametoka ya njano."

Siku ile tulimjibu kwa kifupi tu, maana foleni ilikuwa ndefu. Lakini swali lake halikututoka. Tulimwendea bwana shamba, tukauliza, tukaandika. Leo tunapenda kumjibu mama yule kikamilifu, na kuwajibu wote wenye swali kama lake.

UDONGO NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani udongo ni kitu kimoja, tena kitu kilichokufa. Sivyo. Tukichukua udongo mzuri wa bustani na kuugawa, karibu nusu yake ni vitu vigumu: mchanga, vumbi laini la mawe, mfinyanzi, pamoja na sehemu ndogo ya mboji, yaani mabaki ya mimea na wanyama yaliyokwisha kuoza. Nusu ya pili ni nafasi zilizo katikati ya chembe hizo. Wakati udongo una unyevu wa kutosha, nafasi hizo hujaa maji na hewa kwa kiasi kinachokaribiana.

Mizizi hunywa maji na pia hupumua. Ndiyo sababu shamba lililotuama maji hunyausha mimea, ingawa maji ni mengi: mizizi imekosa hewa. Shamba lililokanyagwa na ng'ombe likashindiliwa nalo hupata shida hiyo hiyo, kwa kuwa nafasi za hewa zimebanwa.

Tofauti kubwa kati ya udongo na udongo ni ukubwa wa chembe zake. Chembe ya mchanga unaweza kuihisi kati ya vidole. Chembe ya mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002. Kwa kulinganisha, chembe nyekundu moja ya damu yetu ina upana wa milimita 0.007 hivi. Basi mfahamu jinsi mfinyanzi ulivyo laini!

Chembe za mfinyanzi, na hasa za mboji, zina nguvu ya kushika virutubisho kama kalsiamu, magnesiamu na potasiamu. Tunaweza kusema ni kama vigingi vinavyofungiwa mbuzi. Mchanga una vigingi vichache sana, kwa hiyo mvua ikinyesha virutubisho vyote huondoka na maji. Lakini naitrojeni iliyokwisha kugeuka kuwa naitreti haifungwi na vigingi hivyo hata katika mfinyanzi. Huteremka na maji ya mvua hadi chini, na inaweza kufika kisimani. Jambo hili tulikumbuke, tutalirudia.

TUPIME UDONGO WETU NYUMBANI

Kipimo cha kwanza ni cha mkono. Chukua udongo kiasi cha yai, uulowanishe kidogo, uukande, kisha uufinye kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe.

Ukivunjika hapo hapo na hata tonge halishikani, ni udongo wa kichanga. Ukitoa utepe mrefu, laini, unaong'aa, ni mfinyanzi. Ukitoa utepe mfupi unaokatika, nao tonge linashikana vizuri, ni tifutifu, na huo ndio mkulima anaoupenda.

Kipimo cha pili ni cha chupa. Tafuta chupa inayoonyesha ndani. Jaza udongo hadi theluthi moja, ongeza maji, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache mahali pasipotikisika. Mchanga utatua chini kwa dakika moja au mbili. Vumbi laini litafuata baada ya saa chache. Mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi, na vipande vya mboji huelea juu. Kazi hii wapeni watoto waifanye. Wataipenda, na mtajua shamba lenu limeumbwaje.

Udongo wa kichanga hupewa samadi ili ushike maji. Mfinyanzi hupewa samadi ili uachie hewa. Mboji hufanya kazi zote mbili, kwa sababu hugandisha chembe ndogo ndogo kuwa mabonge madogo yenye nafasi katikati.

UCHACHU WA UDONGO

Sasa tuingie kwenye kemia, lakini msiogope. Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Namba 7 ni katikati. Chini ya 7 ni uchachu, juu ya 7 ni hali ya magadi. Damu ya mtu mzima wa afya ni karibu 7.4, na ikishuka kidogo tu hadi 7.2 mgonjwa huyo yumo hatarini. Udongo nao una mipaka yake, ingawa ni mipana zaidi.

Kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara 10. Udongo wa 5 una uchachu mara 10 kuliko udongo wa 6, na mara 100 kuliko wa 7. Mahindi na maharage hustawi kati ya 5.5 na 7. Chai hupenda uchachu zaidi, kati ya 4.5 na 5.5.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua ni nyingi. Kwa miaka elfu nyingi mvua imesafisha kalsiamu na magnesiamu kutoka katika udongo, na mahali pengi pamebaki udongo mwekundu wenye uchachu. Uchachu ukizidi, yaani kipimo kikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyomo udongoni huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Tena chuma na aluminiamu ya udongo mwekundu huikamata fosforasi, na mmea huwa na njaa mbele ya chakula kilichofungiwa kabatini.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo, lakini baada ya kupima. Chokaa bila kipimo ni sawa na dawa bila kumpima mgonjwa. Samadi iliyoiva nayo husaidia, kwa kuwa mboji huishika aluminiamu na kuipunguzia fosforasi kifungo. Ndiyo maana kwenye udongo mwekundu ni afadhali kutia samadi ndani ya shimo la kupandia kuliko kuitawanya shamba zima.

Anayetaka kupima na achukue udongo mahali 10 hadi 15 katika shamba, kwa kina cha sentimita 20, auchanganye katika ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, kisha atoe nusu kilo na kuianika kivulini. Asichukue palipochomwa moto wala palipokaa lundo la samadi. Bwana shamba au bibi shamba wa kata ataelekeza pa kupeleka. Maabara za udongo zipo katika vituo vya utafiti wa kilimo vya TARI, kama Uyole kule Mbeya na Mlingano kule Tanga, na pia Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

SAMADI INA NINI NDANI YAKE?

Kinyesi kibichi cha ng'ombe ni maji kwa sehemu kubwa, kama asilimia 80. Maana yake ukibeba kichwani kilo 20, kilo 16 ni maji tu! Samadi ya kuku ina maji machache na naitrojeni nyingi zaidi, ndiyo sababu huunguza mimea ikitiwa mbichi. Ya mbuzi iko katikati.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: karibu nusu ya naitrojeni anayoitoa ng'ombe, na sehemu kubwa ya potasiamu, imo katika mkojo. Fosforasi ndiyo imo katika kinyesi. Basi banda lisilo na matandiko ya nyasi humwaga nusu ya mbolea ardhini. Na lundo lililoachwa wazi juani na mvuani huweza kupoteza nusu ya naitrojeni yake kabla ya kufika shambani. Ile harufu kali inayochoma macho bandani ni amonia, yaani naitrojeni inayokimbia hewani. Ukiisikia pua inachoma, jua mahindi yako yanaondoka na upepo.

Jambo jingine: msichanganye jivu na samadi mbichi au mkojo. Jivu lina potasiamu na kalsiamu nzuri, lakini lina magadi, na magadi huifukuza amonia haraka. Jivu lipelekwe shambani peke yake, kidogo kidogo.

KWA NINI MAHINDI YA MAMA YULE YALITOKA YA NJANO?

Tulipomwuliza zaidi, alisema banda lake alilitandika maranda ya mbao, akayazoa pamoja na kinyesi kibichi na kuyafukia shambani wiki moja kabla ya kupanda. Jibu likapatikana.

Wadudu wadogo wasioonekana ndio wanaoozesha samadi. Wao hula kaboni kama sisi tunavyokula ugali, na huhitaji naitrojeni kama sisi tunavyohitaji maharage. Kinyesi cha ng'ombe kina sehemu kama 20 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Mabua ya mahindi yana kama 60 kwa moja. Maranda yana mamia kwa moja. Ugali mwingi hivyo, maharage ya nani? Wadudu wale hawana budi kuichukua naitrojeni ya udongoni, na mahindi hubaki na njaa mpaka wamalize kazi yao. Njano ile ilikuwa njaa ya naitrojeni. Samadi haikuwa mbaya, ila ilikuwa haijaiva.

Wazee wa Umatengo kule Mbinga waliijua siri hii zamani. Wakilima ngoro katika miteremko, hukata nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatana kama miraba, kisha huchimba udongo wa katikati na kuzifukia. Kila mraba hubaki na shimo linalokinga maji ya mvua, na udongo hauporomoki. Na juu ya nyasi hizo mbichi hupanda kwanza maharage, ambayo hujitengenezea naitrojeni katika mizizi yake. Mahindi hufuata msimu wa baadaye, nyasi zikiwa zimeoza. Wazee hao hawakuwa na kipimo cha kaboni, lakini walilitazama shamba lao kwa makini.

JINSI YA KUIVISHA SAMADI

1. Chagua mahali penye kivuli, mbali na jiko, na angalau mita 30 kutoka kisimani au kwenye chemchemi. Pawe upande wa chini wa maji hayo, kamwe pasiwe juu yake. Hapa ndipo tunapoirudia naitreti: maji yenye naitreti nyingi yakikorogewa maziwa ya mtoto mchanga huharibu uwezo wa damu yake kubeba hewa, naye huwa na rangi ya buluu midomoni.

2. Anza na tabaka la mabua yaliyokatwa ili hewa ipite chini. Kisha panga kwa zamu: majani makavu, majani mabichi, kinyesi pamoja na matandiko yaliyolowa mkojo, na udongo kidogo wa juu. Maranda yawe machache sana.

3. Lundo liwe na urefu, upana na kimo kisichopungua mita 1. Lundo dogo halitunzi joto.

4. Pima maji kwa mkono. Ukikamua konzi moja, yatoke matone machache tu, kama kitambaa kilichokwisha kukamuliwa. Likiwa kavu halitaoza, na likilowa sana litanuka kwa kukosa hewa.

5. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku 3 au 4 kichomoe na ukishike. Kiwe cha moto. Lundo zuri hufikia nyuzi 55 hadi 65 za joto. Ni homa kali, lakini hii ni homa ya heri! Joto la 55 likidumu siku kadhaa huua bakteria wengi wa kuhara, mayai ya minyoo na mbegu za magugu.

6. Pindua lundo kila baada ya wiki 2 au 3, mara tatu kwa uchache, na kila mara kilichokuwa nje kiingie ndani, maana pembeni joto halifiki. Funika kwa majani ya migomba au nyasi.

7. Baada ya miezi 3 hivi, au zaidi mahali pa baridi, samadi huwa imeiva. Dalili zake: rangi nyeusi au kahawia, haina joto tena, huwezi kukitambua kinyesi ndani yake, na hunukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza.

Kwa mahindi, konzi mbili, yaani kama nusu kilo, kwa kila shimo zinafaa. Ekari moja iliyopandwa kwa sentimita 75 kwa 60 ina mashimo karibu 9,000, basi itahitaji kilo 4,500 hivi. Kama huna kiasi hicho, lisha vizuri robo ekari kuliko kutawanya kidogo kila mahali.

SASA TUZUNGUMZE JUU YA MAGONJWA

Safura. Tuseme wazi: minyoo ya yule mtoto haikutoka kwa ng'ombe. Safura hutoka katika choo cha binadamu. Mayai yakianguka katika udongo wenye joto, unyevu, kivuli na nafasi za hewa, huanguliwa kwa siku 1 au 2. Baada ya siku 5 hadi 10 viluwiluwi vyake huweza kupenya ngozi ya mguu, na huishi humo udongoni wiki kadhaa. Angalieni: udongo laini wenye unyevu na kivuli ni udongo ule ule unaopendwa na migomba! Watoto walikuwa wakijisaidia kwenye migomba, na udongo ukawalea minyoo kama ulivyolea ndizi. Dawa yake ni choo kinachotumiwa na kila mmoja, hata mtoto mdogo, viatu, na dawa ya minyoo kama inavyotolewa shuleni na kliniki. Kinyesi cha binadamu kisitiwe kamwe katika lundo la samadi ya nyumbani.

Tegu wa nguruwe. Wafugaji wa nguruwe nao wasikilize. Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu hupata malengelenge katika nyama yake. Mtu akimeza mayai ya tegu kutoka katika kinyesi cha binadamu, malengelenge hayo huweza kukaa katika ubongo wake na kuleta kifafa. Tufunge nguruwe bandani, tutumie vyoo, tuipike nyama ikaive.

Kuhara. Kinyesi kibichi cha ng'ombe na kuku hubeba bakteria wanaoharisha. Mboga za majani na karoti zinazogusa udongo zisitiwe samadi mbichi katika miezi 4 kabla ya kuvunwa. Hata ikiwa imeiva, tuoshe mboga kwa maji safi, na mikono kwa sabuni.

Kutupa mimba. Ng'ombe au mbuzi akitupa mimba, kitoto na kondo lake visitupwe kwenye samadi. Vizikwe kwa kina, na anayevishika avae mifuko mikononi. Mama mjamzito asivishike kabisa. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa bruselosisi, nao humwingia mtu pia.

Pepopunda. Huu ndio unaotutia hofu kuliko yote. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na katika kinyesi cha wanyama, navyo hujifunika ganda gumu. Joto la lundo, ambalo huua wengine, halitegemewi kuwaua hawa. Kwa hiyo hata samadi iliyoiva vizuri inaweza kuwa nayo, na kinga ya hakika ni chanjo.

Tumewahi kumhudumia baba aliyechomwa mguuni na uma wa kuzolea samadi. Kidonda kilikuwa kidogo, akakifunga kitambaa akaendelea na kazi. Baada ya siku 9 taya lilikaza, hakuweza kumeza, na mgongo ukapinda kama upinde. Alikaa nasi wiki 5 katika chumba cha giza na kimya, kwa sababu hata mlango ukigongwa mwili wote ulikakamaa. Alipona, lakini msimu wote wa kilimo ulikuwa umepita, na watoto wake wawili waliacha shule ili kulima. Alikuwa hajachanjwa tangu azaliwe. Akina mama huchanjwa kliniki wakiwa wajawazito, na watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Akina baba, ambao ndio wanaozoa samadi, hawaitwi na mtu. Basi leo tunawaita. Na kila mwenye jeraha la shambani alioshe mara moja kwa maji mengi na sabuni, aje kituoni siku hiyo hiyo, hata kama ni tundu la msumari tu.

Kadhalika, kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe kinyesi cha ng'ombe, udongo wala jivu. Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha akaacha na kukakamaa, aletwe hospitali bila kuchelewa.

KILICHOKOSEKANA UDONGONI HUKOSEKANA SAHANI

Mimea haiwezi kutupa kitu ambacho udongo hauna. Milimani mvua imesafisha iodini, na zamani tezi la shingo lilionekana kwa watu wengi huku kwetu. Samadi ya ng'ombe aliyekula nyasi za mlima huo huo haiwezi kuirudisha. Tununue chumvi yenye madini joto. Jirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, wana mfano mwingine. Watafiti walipima mahindi yao wakakuta yaliyolimwa katika udongo mweusi wenye magadi wa bonde la Shire yana seleni nyingi kuliko yale ya udongo mwekundu wenye uchachu. Mahindi ni yale yale kwa macho, lakini lishe yake si sawa. Kwa sababu hiyo tusitegemee chakula cha shamba moja tu. Dagaa wa ziwani, mayai na maharage huziba mapengo ya udongo wetu.

TUMJIBU MAMA

Basi mama mpendwa, ushike yote mawili. Samadi ni rafiki, ila mbichi ina madhara. Iliyoiva hulisha. Ipe nyasi, maji ya kiasi, hewa, joto na miezi mitatu. Iweke mbali na kisima na jiko. Umvalishe mtoto viatu, na wote mwende chooni.

Mama huyo tulimwona tena baada ya miezi mitatu. Mtoto alikuwa amepewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, na kipimo kilisoma gramu 10.8. Alikuja akikimbia mbele ya mama yake. Lundo lilikuwa limehamishiwa chini ya mwembe, mbali na jiko. "Sista," akasema, "siku hizi lina homa kuliko wagonjwa wenu." Tukacheka sote. Kisha tukamwuliza kama mzee wa nyumbani ameshachanjwa pepopunda. Alinyamaza. Wiki iliyofuata alimleta.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Lundo letu la samadi liko mita ngapi kutoka kwenye maji tunayokunywa, na liko juu au chini yake?
2. Watoto wadogo wa nyumba yetu hujisaidia wapi?
3. Nani kati yetu anayezoa samadi, na alichanjwa pepopunda lini?
4. Udongo wetu ni wa kichanga, tifutifu au mfinyanzi? Fanyeni kipimo cha chupa pamoja na watoto.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kisima na jinsi ya kuyatunza maji yake. Tunawatakia kazi njema shambani na afya nyumbani.